Si Homa ya Uti wa Mgongo: Kuuelewa Mchochota wa Ugwe wa Mgongo na Matibabu Yake

Mgonjwa akiambiwa na daktari kwamba ana "uvimbe kwenye uti wa mgongo", yeye na ndugu zake huondoka na moja kati ya tafsiri mbili, na zote mbili si sahihi. Wengine hudhani ni homa ya uti wa mgongo, ile inayokakamaza shingo na kuua watoto kwa siku chache. Wengine hudhani kuna kinyama kimeota mgongoni kinachosubiri kisu. Kosa si lao. Katika mazungumzo ya kila siku tumelibebesha jina moja, uti wa mgongo, vitu vitatu: mfululizo wa pingili za mifupa, ugwe laini wa neva unaopita ndani ya mifupa hiyo, na utando mwembamba unaoufunika ugwe huo. Neno uvimbe nalo tunalitumia kwa jipu, kwa saratani na kwa kifundo cha mguu kilichoteguka. Homa ya uti wa mgongo ni maradhi ya utando. Kinachozungumzwa hapa ni mchochota, yaani uvimbe unaotokea chembe za kinga zinapovamia sehemu ya mwili, wa ugwe wenyewe, ambao madaktari huuita mayelaitisi, na hasa ile aina ya mkingamo, iitwayo hivyo kwa sababu huukata ugwe kwa upana wake kama gogo lililokingama njiani.

Ugwe huo ni mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 45 na unene unaokaribia kidole kidogo cha mkono. Huanzia chini ya fuvu na kukomea kiunoni, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki mafungu ya neva yanayoning'inia kama mkia wa farasi. Kutoka kwenye ugwe wote huchomoza jozi 31 za neva zinazokwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni na kwenye viungo vya haja. Amri ya kutembea hushuka kupitia ugwe huu, taarifa ya joto na maumivu hupanda kupitia huohuo, na kibofu cha mkojo hupokea humo ruhusa ya kufunguka. Nyuzi zake nyingi zimevikwa ala ya mafuta inayoziwezesha kupeleka ujumbe kwa kasi. Chembe za kinga zinapovamia eneo hilo, ala huchubuka, majimaji hujaa, na sehemu iliyovimba hubanwa ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka. Ujumbe wa kutoka juu hukwama hapo, na wa kutoka chini hukwama vilevile.

Ndiyo maana dalili za ugonjwa huu huja zikiwa zimeshikana. Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 30 aliyepona mafua wiki mbili zilizopita. Jumatatu anahisi maumivu katikati ya mgongo na kitu kinachombana mbavuni pande zote, kana kwamba amefungwa kibwebwe kilichokazwa kupita kiasi. Jumanne miguu ni mizito, na anapovuka ua ndara moja inamtoka bila yeye kujua. Ni mtoto wake anayemwambia kwamba anatembea peku. Jumatano asubuhi hawezi kusimama, na ingawa tumbo la chini limejaa na limekuwa gumu, mkojo hautoki. Mara nyingi huyu hupelekwa kwanza kwenye duka la dawa au zahanati, na kwa kuwa analalamikia mkojo hupewa dawa za UTI. Siku mbili nyingine hupotea namna hiyo.

Kipimo kinachofichua ukweli hakihitaji mashine. Mhudumu huchukua kijiti chenye ncha, huanza kugusa kidole gumba cha mguu, na kupanda polepole kwenye paja, nyonga na tumbo, huku akiuliza kama mgonjwa anahisi ncha ile kama anavyoihisi shavuni. Mgonjwa hujibu hapana, hapana, hapana, na mahali fulani, ghafla, husema "hapo". Chini ya mstari huo ngozi imekufa ganzi. Juu yake ni ya kawaida. Mstari ukiwa usawa wa kitovu, unaashiria neva ya kumi ya kifua. Ukiwa usawa wa chuchu, unaashiria ya nne. Mtu mwenye miguu miwili dhaifu, mkojo uliofunga na mstari kama huo ana tatizo la ugwe wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo, na anapaswa kuwa kwenye hospitali kubwa siku hiyohiyo. Kama kuna jambo moja katika makala haya ambalo ningependa lifike kila zahanati, ni hilo.

Kiharusi cha kawaida hakina sura hiyo, kwa kuwa hushika upande mmoja, mkono na mguu, na pengine kupindisha mdomo. Upo pia ugonjwa wa neva za pembeni unaoitwa Guillain-Barré, unaodhoofisha miguu yote miwili na kupanda juu, lakini huo kwa kawaida hauachi mstari dhahiri kwenye kiwiliwili na mara nyingi mkojo huendelea kutoka. Jambo linalowachanganya hata wahudumu ni kwamba katika siku za mwanzo miguu ya mgonjwa wa ugwe inaweza kuwa milegevu kabisa, haina hata ule mruko wa goti linapogongwa. Ukakamavu, ambao vitabu huutaja kama alama ya ugwe ulioumia, huja wiki kadhaa baadaye.

Kasi nayo ni ushahidi. Mchochota wa mkingamo hufikia kilele chake kati ya saa 4 na siku 21 tangu dalili ya kwanza. Aliyepooza ndani ya dakika chache, wakati akiinua gunia kwa mfano, huenda mshipa wa damu unaolisha ugwe umeziba. Aliyedhoofika kwa miezi huenda ana kifua kikuu cha pingili, saratani inayobana, upungufu wa vitamini B12, au athari ya muda mrefu ya VVU. Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, bado kipo kwetu, na hutofautiana na mchochota kwa kuwa hubomoa mfupa na kuusukumia usaha na vipande kwenye ugwe kutoka nje. Katika maeneo ya Kongo na sehemu za Tanzania na Msumbiji kuna konzo pia, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kwa kudumu kwa watu waliokula muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha wakati wa njaa. Huo ni sumu ya sianidi, si mchochota, na hisia za ngozi na mkojo kwa kawaida hubaki salama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya hospitali ni kuhakikisha hakuna kinachoubana ugwe kutoka nje, kwa kuwa kinachobana kinaweza kuhitaji upasuaji wa haraka, na dawa za mchochota haziwezi kuuondoa mfupa uliobomoka. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha hilo. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa tu, na mgonjwa kuambiwa "eksirei yako ni safi" hakumaanishi kwamba ugwe wake ni salama. Mashine za MRI bado ziko katika miji mikubwa, na kwa familia nyingi safari na malipo yake ni mzigo mzito. Hata hivyo ni afadhali fedha ya kwanza iende huko kuliko kwenye mlolongo wa vipimo vidogo visivyoweza kujibu swali lililopo.

Kipimo cha pili ni kutolewa maji ya mgongo, na hapa naomba msomaji avumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu woga wa kipimo hiki umewanyima wengi matibabu. Inasemekana mitaani kwamba anayetolewa maji ya mgongo hupooza au hufa. Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka: wanaofanyiwa kipimo hicho huwa tayari ni wagonjwa mahututi, baadhi yao hufariki kwa maradhi waliyokuja nayo, na sindano ndiyo inayokumbukwa. Lakini tumekwisha kuona kwamba ugwe hukomea kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, huzioanisha kwa mstari wa kufikirika unaopita kwenye pingili ya nne, na kuingiza sindano hapo au nafasi moja juu yake. Mahali hapo hakuna ugwe. Kuna maji na neva zinazoelea, ambazo husogea sindano inapopita, kama nyuzi ndani ya bakuli la maji. Kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu baadaye. Ikiwa kuna dalili za shinikizo kubwa kichwani au damu isiyoganda vizuri, daktari huahirisha. Maji yanayotoka, matone machache ndani ya vichupa, huhesabiwa chembe nyeupe, hupimwa protini na sukari, na hutafutwa vijidudu. Bila maji hayo mara nyingi daktari hulazimika kubahatisha.

Anachotafuta ni chanzo, na vyanzo ni vingi. Katika sehemu kubwa ya wagonjwa, kinga ya mwili iliyoamshwa na maambukizi ya kawaida, ya kifua au ya tumbo, hushindwa kutofautisha adui na nyuzi za mwili wenyewe. Kwa wengine mchochota ni sura ya kwanza ya ugonjwa mpana zaidi wa kinga, kama lupasi. Virusi vya mkanda wa jeshi vinaweza kuuingia ugwe moja kwa moja, hasa kwa mwenye kinga dhaifu. Kaswende ya muda mrefu huweza kufanya hivyo, na kifua kikuu pia, hata bila kubomoa mfupa.

Chanzo kimoja kinastahili kutajwa kwa sauti kubwa kwetu sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na mabwawa ya umwagiliaji: kichocho. Tumezoea kukihusisha na damu kwenye mkojo au na ini lililoharibika. Lakini mishipa ya vena ya nyonga imeungana na ile inayozunguka mgongo, tena haina vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, hivyo mayai ya minyoo, au hata minyoo wenyewe, huweza kusafiri mpaka kwenye ncha ya chini ya ugwe. Yai likikwama hapo, kinga hulizingira kwa mchochota mkali. Kijana mvuvi au mkulima wa mpunga huanza na maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni, kisha miguu hulegea na mkojo hufunga. Choo na mkojo wake vinaweza kupimwa visionekane mayai, kwa kuwa idadi ndogo tu ya mayai yaliyokwama pabaya inatosha kumpoozesha. Tiba yake ni prazikwanteli, dawa ileile wanayogawiwa wanafunzi shuleni, ikiambatana na steroidi za kutuliza mchochota. Inauma kuona mtu akikaa kitini maisha yake yote kwa ugonjwa wenye dawa ya bei nafuu, kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza anaoga wapi.

Kwa mchochota unaotokana na kinga, tiba ya kwanza ni steroidi kwa kipimo kikubwa: methilipredinisoloni gramu 1 kwa siku kwa njia ya dripu, kwa siku 3 hadi 5, na mara nyingi vidonge hufuata vikipunguzwa taratibu. Dawa hii haioteshi upya neva zilizokufa. Inatuliza chembe za kinga na kupunguza uvimbe ili nyuzi ambazo hazijafa zipate nafasi ya kupona, na ndiyo sababu saa zina thamani: inayotolewa siku ya pili hukuta nyuzi nyingi zikiwa hai kuliko inayotolewa wiki ya tatu. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, huondoa usingizi, na huweza kuamsha maambukizi yaliyolala. Hivyo daktari makini huuliza kwanza kuhusu kifua kikuu, na katika nchi zetu mara nyingi hutoa ivemektini kwa ajili ya minyoo aina ya strongiloidi, ambao hukaa kimya utumboni miaka mingi na kuenea mwilini kote pale steroidi zinapoidhoofisha kinga. Pale mkanda wa jeshi unaposhukiwa, asaikloviri huanza bila kusubiri majibu.

Mgonjwa asipopata nafuu, hatua inayofuata ni kubadilishiwa plazma. Damu hutolewa taratibu kwa mashine, ute wake wenye kingamwili (protini za kinga) zinazoshambulia ugwe hutenganishwa na kutupwa, na chembe hurudishwa mwilini zikiwa na ute mbadala. Hufanyika mara 5 hadi 7, kwa kawaida siku moja kwa kuruka nyingine. Ni tiba ghali na inapatikana katika hospitali chache, lakini kwa mwenye shambulio kali inaweza kuamua kama atasimama tena, na familia ina haki ya kuuliza mapema ni wapi inapatikana badala ya kuisikia mwezi wa tatu.

Wakati dawa zinafanya kazi, uhai wa mgonjwa uko mikononi mwa anayemuuguza, na hapa ndipo ninapoona makosa yenye kuumiza zaidi. La kwanza ni kumkanda kwa maji ya moto. Ndugu hukanda miguu kwa upendo wote, mgonjwa halalamiki kwa kuwa hahisi, na kesho yake ngozi ina malengelenge yanayogeuka vidonda visivyopona kwa miezi. Maji yapimwe kwa kiwiko cha anayemuuguza. La pili ni kumwacha alale upande mmoja usiku kucha. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Huyu hawezi, na mfupa wa tako, visigino na nyonga hubana ngozi mpaka damu ikatike. Ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi ikaguliwe kwa macho kila siku, hasa mahali palipobadilika rangi au kuwa pagumu. Kidonda cha kulalia kinaweza kumuua mtu ambaye ugwe wake ulikwisha kuanza kupona.

Mkojo nao una kanuni zake. Mwanzoni huwekwa mpira wa kudumu, lakini mpira unaokaa miezi hualika maambukizi na mawe. Hali ikitulia, mgonjwa au ndugu hufundishwa kuingiza mpira msafi kila baada ya saa 4 hadi 6, kutoa mkojo na kuuondoa, kibofu kisizidi mililita 500 kila mara. Wengi huona aibu au kinyaa siku za mwanzo. Baada ya wiki mbili huwa kama kupiga mswaki. Kwa yule ambaye mstari wake wa ganzi uko juu, sehemu ya juu ya kifua au shingoni, kuna hatari moja ambayo familia lazima ijue: akipata ghafla kichwa kikali cha kupwita, jasho usoni na uso kuiva, huku shinikizo la damu likipanda, akalishwe wima mara moja na mpira wa mkojo uangaliwe kama umekunjika au kuziba. Mara nyingi kibofu kilichojaa ndicho chanzo, na kikifunguliwa shinikizo hushuka. Wasipoliona hilo, anaweza kupata kiharusi.

Mazoezi ya viungo yaanze kitandani, wiki ya kwanza, hata kama miguu haiitiki, ili viungo visigande na damu isigande kwenye vena. Miguu ikianza kukaza na kurukaruka yenyewe, ndugu hushangilia wakidhani nguvu imerudi. Kwa bahati mbaya mruko huo hautoki kwenye utashi, na ukizidi hutulizwa kwa baklofeni. Maumivu ya kuwaka kama pilipili hayasikii panadoli. Amitriptilini au gabapentini huyafaa zaidi. Kuhusu matarajio, uzoefu wa miaka mingi unaonyesha kwamba takribani theluthi moja ya wagonjwa hupona vizuri, theluthi moja hubaki na udhaifu wa wastani, na theluthi moja hubaki na ulemavu mkubwa. Nafuu nyingi huja katika miezi 3 ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata kidogokidogo hadi miaka 2. Anayemwambia mgonjwa wiki ya pili kwamba hatatembea tena amesema asilolijua, na anayemwahidi kwamba atatembea amefanya vivyo hivyo.

Kwa kuwa ugonjwa huu humwangusha mtu aliyekuwa mzima jana, familia nyingi hutafuta kwanza aliyemroga. Siidharau imani ya mtu yeyote, na dua husomwa hata ndani ya gari la wagonjwa. Ninachoomba ni gari lisisubiri.

Hubaki swali la kama utarudi. Unaofuata mafua au kuharisha mara nyingi huja mara moja na kuisha. Lakini kuna aina aliyoieleza Mfaransa Eugène Devic mwaka 1894, inayoshambulia ugwe na neva za macho, na ambayo mwaka 2004 ilijulikana kuwa na kingamwili yake mahususi. Huwapata zaidi wanawake, na watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na kwa ukali zaidi kuliko Wazungu. Katika MRI doa lake mara nyingi huwa refu, likipita pingili 3 au zaidi. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa aliwahi kupoteza uwezo wa kuona jicho moja kwa wiki kadhaa, au kuwa na kwikwi na kutapika kusikokoma kukatibiwa kama vidonda vya tumbo. Daktari asipouliza, hakuna atakayeyaunganisha mambo hayo na miguu iliyopooza.

Kwake kila shambulio huacha kovu jipya, hivyo anahitaji dawa ya kuituliza kinga kwa miaka, kama vile azathiopurini au rituksimabu, hata anapojisikia mzima kabisa. Kuziacha kimyakimya, kwa sababu fedha zimeisha au kwa sababu amepata ujauzito, ndiko kunakoliita shambulio la pili. Yote mawili yazungumzwe na daktari kabla ya kidonge cha mwisho. Zipo pia dawa za ugonjwa mwingine unaofanana nao, sklerosisi ya sehemu nyingi, ambazo humzidishia huyu maradhi, kwa hiyo majibu ya kingamwili hizo na picha ya kwanza ya MRI vitunzwe nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima, na vibebwe kila anapokwenda hospitali, kwa sababu doa jipya kwenye ugwe huonekana kuwa jipya pale tu lile la zamani linapokuwepo la kulilinganisha nalo.